Kiungo wa Kayole na majaribio ya Uswidi: mama asiuze shamba

SWALI: Kocha, habari. Nina miaka 19, nacheza kiungo wa kati, namba sita na mara nyingine nane, katika timu ya NSL, ligi ya daraja la pili ya Kenya, hapa Nairobi. Naishi Kayole. Kuna jamaa anayejiita wakala ambaye anasema amenipatia majaribio ya wiki mbili mwezi Desemba katika klabu moja ya Uswidi, na anataka shilingi 180,000 za visa, tikiti na kibali cha kazi. Mamangu yuko tayari kuuza kipande cha shamba. Nataka kujua kama nimwamini, na pia kiungo anahitaji nini hasa ili aishi kwa soka ya ng'ambo, asiende tu na kurudi. Niko mwaka wa pili wa diploma. Je, niache chuo?

JIBU: Kijana wangu, mwambie mama aishike hati yake ya shamba. Sababu nitakueleza kwa mapana, maana ukishaelewa uhamisho wa kimataifa unavyofanywa, huyu hatakudanganya, na atakayekuja baada yake hatakudanganya pia.

Tuanze na hicho kibali cha kazi. Kule Uswidi ombi la kibali huanzishwa na mwajiri, akishakupa ahadi ya ajira iliyoandikwa, yenye mshahara na masharti. Mwajiri hapa ni klabu, na klabu haijakuona bado. Kwa hiyo leo hakuna kibali cha kununua, hata ukiwa na milioni. Majaribio ya wiki mbili hufanywa kwa visa ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye visa moja, inayokuruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, pamoja na malipo kidogo ya kituo kinachopokea maombi. Ukifaulu, kwa kawaida unarudi Nairobi, klabu inafungua ombi la kibali, nawe unasubiri jibu ukiwa nyumbani. Anayekutoza visa na kibali kwa mkupuo mmoja, kabla klabu haijakutazama ukigusa mpira, ama haijui kazi hii ama ni tapeli. Kwa mfuko wa mama yako, yote mawili ni mamoja.

Tikiti nayo ina mantiki yake. Klabu inayomtaka mchezaji kwa dhati humlipia nauli, malazi na bima ya siku za majaribio. Zipo klabu ndogo zisizolipa nauli, lakini hata huko wakala wa kweli hutanguliza pesa yake mwenyewe, kwa kuwa anatarajia kupata chake kandarasi ikitiwa saini. Akikataa kuhatarisha nauli yake juu ya miguu yako, haamini utasajiliwa.

Halafu ameutaja mwezi wa Desemba. Ligi za Uswidi na Norwe haziendi kama za Uingereza. Msimu huanza mwishoni mwa Machi au Aprili na kumalizika Novemba, au Desemba mwanzoni kule Norwe. Desemba wachezaji wengi wako mapumziko, na mazoezi ya kujiandaa kwa msimu mpya hurejea Januari. Majaribio yenye maana kwa mgeni huwa Januari na Februari, kocha anapokuwa na mechi za kirafiki za kukupima na nafasi za kujaza kikosini. Kiungo anayealikwa katikati ya Desemba lazima aulize atafanya mazoezi na nani.

Usigombane naye. Mwombe tu vitu vitatu: nambari ya leseni yake ya FIFA, barua ya mwaliko iliyotoka kwa klabu yenyewe, na jina la mkurugenzi wa michezo aliyezungumza naye. Tangu Oktoba 2023, mtu hawezi kufanya kazi ya uwakala wa kimataifa bila leseni ya FIFA, ambayo watu wengi huipata kwa kufanya mtihani, na majina ya wenye leseni yanatafutwa wazi kwenye tovuti ya FIFA. Barua ya kweli ina tarehe za kufika na kuondoka, mahali utakapolala, nani analipa nini, bima, na sahihi ya ofisa mwenye cheo. Usipige simu kwa nambari iliyo kwenye barua. Ingia kwenye tovuti ya klabu, chukua nambari au barua pepe iliyoko huko, uulize kama wanakutambua kwa jina. Barua pepe iliyotoka kwenye akaunti za bure za intaneti badala ya anwani ya klabu inatosha kukufanya usimame.

Kuhusu malipo ya wakala, kanuni za FIFA za 2023 ziliweka kikomo cha 5% ya mapato ya mchezaji anayelipwa hadi dola 200,000 kwa mwaka, na 3% kwa kiasi kinachozidi hapo. Utekelezaji wa kikomo hicho ulisimamishwa mwishoni mwa Desemba 2023 kwa sababu ya kesi katika mahakama za Ulaya, lakini bado ni kipimo kizuri cha kumpimia anayekutajia 20% au 30%. Mkataba wa uwakilishi hauruhusiwi kuzidi miaka 2. Na jambo la msingi zaidi: ujira wa wakala unatoka kwenye mshahara utakaoupata, wala si kwenye mali ya wazazi.

Sasa swali lako kubwa.

Ukitazama viungo wa Kenya waliodumu ng'ambo, utaona karibu wote walipanda ngazi kwa ngazi, na klabu ya kwanza ilikuwa ile iliyowapa dakika za kucheza, si ile yenye jina. McDonald Mariga alianzia Enköping, akaenda Helsingborg, zote za Uswidi, kisha Parma mwaka 2007, na mwanzoni mwa 2010 akatua Inter Milan, timu iliyotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya Mei ya mwaka huo. Mdogo wake, Victor Wanyama, alipitia Nairobi City Stars na AFC Leopards kabla ya kuondoka, akajijenga Beerschot ya Ubelgiji, akaenda Celtic 2011, Southampton 2013, Tottenham 2016, kisha Montréal ya Kanada 2020. Johanna Omolo alicheza miaka mingi Ubelgiji, akipita klabu kadhaa hadi Antwerp na Cercle Brugge. Wa karibuni zaidi kwa umri wako ni Timothy Ouma, aliyetoka Nairobi City Stars kwenda Elfsborg ya Uswidi mwaka 2022 akiwa na miaka 18, na mapema 2025 akasajiliwa na Slavia Prague.

Uingereza imekaa mwisho wa njia, na haikukaa huko kwa bahati mbaya. Januari 2010 Manchester City walimtaka Mariga, dili likakwama kwenye kibali cha kazi kwa sababu orodha ya FIFA iliiweka Kenya chini ya nafasi ya 70 iliyotakiwa wakati huo. Siku hizi, baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, kuna mfumo wa alama: mchezaji wa kigeni kwa kawaida anahitaji 15, zinazotokana na mechi za timu ya taifa, dakika alizocheza kwenye ligi, uzito wa ligi hiyo, na mashindano ya bara. Dakika za NSL hazikupi kitu hapo. Dakika za Uswidi, Ubelgiji au Jamhuri ya Cheki zinahesabika. Ndiyo maana kiungo wa miaka 19 anayekaa benchi katika klabu kubwa anapoteza zaidi ya yule anayeanza kila wiki katika klabu ndogo: anapoteza alama, anapoteza video, na anapoteza wito wa timu ya taifa, Harambee Stars, kwa wakati mmoja.

Ligi nyingine zina mlango wa pesa. Uholanzi hulazimisha klabu kumlipa mchezaji asiye wa Umoja wa Ulaya mshahara wa chini ulio mkubwa sana, na Ubelgiji nayo ina kima chake. Klabu ndogo ya huko ikikuahidi mshahara mdogo "kwa kuanzia", ujue hata kibali haitakipata. Uswidi na Norwe ni nafuu kwa klabu, ndiyo sababu vijana wengi wa Afrika huanzia huko.

Uwanjani kuna tofauti ambayo wachezaji wetu hawaambiwi mapema. Kiungo wa kati wa kiwango cha juu hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi. Sisi watu wa Nairobi, tunaoishi karibu mita 1,700 juu ya bahari, mbio hizo hazitutishi sana. Kinachowaangusha wengi ni muda wa kuwa na mpira. Katika NSL unapokea, unautuliza, unainua kichwa, unachagua. Kule unapoinua kichwa mpira umeshachukuliwa. Kazi ya macho lazima iishe kabla pasi haijakufikia. Mtafiti wa Norwe, Geir Jordet, alichambua video za viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza wakisubiri mpira, akaona kuwa wanaogeuza shingo mara nyingi kutazama nyuma yao ndio wanaofanikisha pasi nyingi zaidi za kwenda mbele. Frank Lampard alikuwa miongoni mwa waliotazama mara nyingi zaidi, zaidi ya mara moja kwa kila sekunde mbili.

Hilo unaweza kulifanyia mazoezi hapo hapo mtaani na wenzako watatu. Wawili wasimame mita 15 kutoka kwako, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa tatu azunguke nyuma yako akiinua vidole. Mpira ukiwa njiani, utazame nyuma, utaje idadi ya vidole kwa sauti, uupokee kwa mguu ulio mbali na mpira huku mwili ukiwa umefunguka upande, na mguso wa pili uwe pasi kwa yule wa nyuma. Dakika 3 kisha upumzike dakika 1, mara 4. Makosa ya kawaida ni mawili: kutazama mapema mno, wakati mwenye mpira hajaamua, na kutazama mara moja tu. Tazama anapojiandaa kupiga, kisha tazama tena mpira ukiwa katikati ya safari.

Pasi ndefu nayo itakusaliti wiki ya kwanza, na ni afadhali ulijue hilo sasa. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya usawa wa bahari kwa takriban 15%. Mpira hapa husafiri mbali na kujipinda kidogo. Ukishuka Göteborg au Malmö, mpira uleule wa mita 40 utaanguka mfupi na utapinda zaidi. Mchezaji asiyejua hudhani miguu imechoka, anaanza kuogopa kubadilisha upande, na kocha anaandika kwamba hana pasi ndefu. Siku ya kwanza fika uwanjani mapema, piga mipira 20 mirefu kabla wengine hawajatoka, upate kipimo.

Viwanja vingi vya Skandinavia ni vya nyasi bandia. Njumu za nyasi asilia, zenye meno marefu machache, hung'ang'ania zulia lile, na goti ndilo hulipia mguu ukikwama. Beba jozi mbili, moja ya meno mafupi mengi ya mviringo iliyotengenezwa kwa nyasi bandia. Camp Toyoyo pale Jericho si mbali nawe. Fanya mazoezi huko mara kwa mara uzoee jinsi mpira unavyodunda na kuteleza, na vifundo vya miguu navyo vizoee.

Kabla ya kusafiri, jipime stamina kwa kipimo cha Yo-Yo, kiwango cha kwanza cha kurudia. Ni mbio za mita 20 kwenda na 20 kurudi kwa kufuata mlio, sekunde 10 za kupumua kwa kutembea mita 5 na kurudi, kasi ikianzia kilomita 10 kwa saa na kupanda. Rekodi ya milio inapatikana kwa simu. Kiungo wa kulipwa anapaswa kufika zaidi ya mita 2,000; ukifika 2,300 hakuna atakayekusumbua kuhusu mapafu. Ukiishia 1,600, kaa wiki 8 ukijenga kabla ya kumjaribu mtu yeyote, kwa maana majaribio mabaya huandikwa na hubaki kwenye faili.

Siku ya majaribio, tarajia kwamba wenzako hawatakupa pasi. Unawania nafasi yao, nao wana watoto wa kulisha. Kwa hiyo namba sita hupata mpira kwa kuunyang'anya: mpira wa pili baada ya kichwa, pasi iliyokatwa katikati, sekunde 5 za kwanza baada ya timu yako kupoteza. Hapo ndipo macho ya kocha yatakapokuwa. Wanapokodi mgeni wa kiungo hawamkodi kwa pasi za kando za mita 8. Za namna hiyo wanazo za kutosha kwa vijana wao. Wanataka anayekata mashambulizi na anayepiga pasi inayovuka safu ya wapinzani. Zungumza pia. Jifunze maneno ya uwanjani hata kumi: mchezaji wa Uswidi akikupigia kelele "rygg" anakuambia kuna mtu mgongoni, na "vänd" ni geuka. Kiungo bubu hakai kikosini.

Kuhusu video, wengi hutuma dakika 12 za chenga na mabao. Kwa nafasi yako tuma dakika 5 zenye mshale unaokuonyesha kabla mpira haujakufikia, kisha mechi 2 kamili za dakika 90, moja mkiwa mmefungwa. Anayetafuta kiungo anataka kuona unafanya nini timu ikizidiwa. Picha zichukuliwe kutoka juu, karibu na mstari wa katikati, upana uonyeshe angalau nusu ya uwanja. Simu iliyoshikwa na rafiki pembeni mwa goli haimsaidii mtu.

Karatasi ndizo huwaangusha waliofaulu uwanjani. Hapa naomba usome polepole.

Umri wako uwe mmoja kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti na usajili wa FKF, yaani Shirikisho la Soka la Kenya. Kuna watakaokushauri upunguze miaka miwili. Usikubali. Uhamisho wa kimataifa hupita kwenye mfumo wa FIFA wa kulinganisha taarifa za klabu mbili, na tarehe mbili tofauti zikikutana humo, hati ya kimataifa ya uhamisho haitoki, au inatoka kisha inakuandama miaka yote. Hati hiyo hutolewa na FKF kwa shirikisho la nchi unayokwenda, baada ya klabu mpya kuiomba. Huipewi mkononi, na barua ya kuachiliwa ambayo watu hukimbizana nayo haichukui nafasi yake.

Hakikisha FKF wana historia yako yote tangu msimu uliotimiza miaka 12: kila timu ya mtaa, akademia na shule iliyokusajili. Si kwa heshima tu. Ukitia saini kandarasi yako ya kwanza ya kulipwa ng'ambo, klabu zilizokulea hudai fidia ya mafunzo, inayohesabiwa hadi msimu wa miaka 21. Hesabu hufuata gharama za klabu mpya: Ulaya, klabu ya daraja la tatu la mafunzo, kati ya madaraja manne ya FIFA, huhesabiwa euro 30,000 kwa kila mwaka, na miaka ya 12 hadi 15 huhesabiwa euro 10,000 kila mmoja. Klabu ikiwa ya daraja la nne, hakuna fidia. Sasa ona mtego: miaka mitatu katika timu yako, kuanzia 16, ni euro 90,000. Klabu ndogo ya Uswidi ikisikia hivyo inafunga faili. Suluhisho ni timu yako kukubali kwa maandishi kupunguza au kusamehe fidia hiyo, kwa kubadilishana na asilimia ya mauzo yako yajayo. Zungumza na mwenyekiti wako mapema, kwa heshima, kabla hamjafika kwenye meza ya haraka.

Timu iliyokulea haipotezi kwa kufanya hivyo. Kila unapouzwa ukiwa ndani ya kandarasi, 5% ya bei hukatwa na kugawiwa waliokulea: 0.25% kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na 0.5% kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23. Southampton walilipa takriban pauni milioni 12.5 kumchukua Wanyama. Kwa bei ya namna hiyo, akademia yoyote iliyomlea mchezaji misimu minne ya kwanza ingestahili 1%, yaani pauni 125,000. Timu za Eastlands hukosa pesa kama hizo kwa sababu tu hazikumsajili mtoto rasmi.

Kama una kandarasi na timu yako ya sasa, klabu nyingine lazima iiarifu kwa maandishi kabla ya kujadiliana nawe. Unakuwa huru kutia saini kwingine ikiwa imekwisha au imebakiza miezi isiyozidi 6. Ukitoroka katikati, unaweza kudaiwa fidia na kufungiwa miezi 4.

Kandarasi ya ng'ambo ikifika, usisome mshahara kwanza. Soma muda, na nani ana haki ya kuuongeza. Kipengele kinachoipa klabu peke yake uwezo wa kuongeza miaka 2 kwa mshahara uleule kimewafunga wengi. Muda wa juu kabisa ni miaka 5. Uliza kama mshahara ni kabla au baada ya kodi, maana Uswidi kodi ya manispaa pekee ni kama 32%. Nyumba, bima ya matibabu ya majeraha, tikiti 2 za kwenda na kurudi kwa mwaka, bonasi za kucheza na za pointi: kila kimoja kiandikwe, kiwe na kiasi na tarehe. Ahadi ya mdomo ya gari haitakupeleka mazoezini theluji ikianguka. Kanuni za FIFA pia zinakataza kandarasi kutegemea vipimo vya afya au kupatikana kwa kibali. Wakitaka kukupima moyo na magoti, wakupime kabla ya saini. Wakishasaini hawawezi kuruka kwa kisingizio hicho. Na ondoka na nakala yako, iliyotiwa saini na pande zote mbili, siku hiyohiyo.

Kabla ya kutia saini, angalia pia orodha ambayo FIFA huchapisha ya klabu zilizozuiwa kusajili kwa sababu ya madeni. Klabu isiyowalipa waliotangulia haitakulipa wewe.

Ukicheleweshewa mishahara ya miezi 2, wape notisi ya maandishi ya siku 15 walipe. Wasipolipa, una sababu halali ya kuvunja kandarasi. Kesi hupelekwa kwenye chombo cha FIFA cha usuluhishi ndani ya miaka 2, na mchezaji halipi ada ya kesi. Wengi huharibu haki yao kwa kupanda ndege kwa hasira kabla ya kutoa notisi. Chama cha wachezaji, KEFWA, kiko hapa Nairobi na ni mwanachama wa FIFPRO, umoja wa vyama vya wachezaji duniani. Wapelekee kandarasi waisome kabla hujaitia saini, si baada ya matatizo.

Kodi ya huku usiisahau. Ukibaki na makazi ya kudumu Kenya na ukaja hata kwa likizo, sheria inaweza kukuhesabu kuwa mkazi. Kenya ina makubaliano ya kuepusha kodi mara mbili na Uswidi, Norwe na Denmark, lakini haina na Ubelgiji. Tunza hati za kodi uliyokatwa huko.

Ukiniuliza mpango wangu kwako, ni huu. Tafuta namba katika timu ya KPL, Ligi Kuu ya Kenya, kwanza, hata isiyo kubwa, ucheze mechi 20 mfululizo. Ouma alionekana akiwa KPL. Hapo hata Tanzania inafunguka: Francis Kahata alitoka Gor Mahia kwenda Simba mwaka 2019, Kenneth Muguna akaenda Azam 2021, na Duke Abuya amecheza Yanga. Ni ng'ambo halali kabisa, yenye mashindano ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, na lugha unayoijua. Ila kila klabu ya Ligi Kuu kule ina nafasi 12 za wageni, na mgeni wa kiungo ndiye huondolewa dirisha la usajili la katikati ya msimu likifunguliwa. Usiende kwa kandarasi ya miezi 6.

Na chuo: usiache. Ukipata mwaliko wa kweli, mwandikie msajili barua ya kuahirisha masomo kwa muhula mmoja, ambatanisha barua ya klabu, na upewe jibu la maandishi kabla hujasafiri. Mkiweza kupata hata sehemu ndogo ya zile 180,000 mlizokuwa mkizitafuta, bila kuuza shamba, lipa karo ya muhula huu, na kwa nyingine ununue zile njumu za nyasi bandia.